Punje Iliyotoka Chunguni

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita, jambo lililomchekesha sana dereva wa ofisi. Siku ya kuniaga aliniuliza kama sasa nitatembea na mkongojo na kulalamikia vijana. Nikamwambia kulalamika nilishaanza zamani, mkongojo ndio bado. Sikugombana na mtu. Mkataba wangu wa mwisho ulikwisha, sikuomba mwingine. Nimezunguka milima ya Kasulu na Kibondo ujana wangu wote nikiwaeleza watu jinsi ugonjwa unavyorithiwa kwa damu, na kichwa changu, ambacho hakijawahi kutulia, kimefika mahali kinauliza maswali ambayo mshahara haukuwa wa kuyajibu.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki, hasa mlioanza majuzi na bado mnaziamini slaidi zenu. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na vyote vilikuja na vikao.

Nilifika ofisini Kasulu asubuhi moja ya masika, nikiwa na shahada ya biolojia na viatu visivyofaa kwa tope jekundu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya maduka, na watu walikuwa wakitokea ndani yake vipande vipande: kwanza mwavuli, kisha miguu, mwisho mtu mzima. Nilidhani nimeota. Mpaka leo nikifikiria kazi hii, huanza hivyo, watu wakitoka kwenye weupe mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama kizingitini nikijiuliza nitawaambia nini.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Shabani, mtaalamu wa maabara. Babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akafungua duka, asirudi tena. Mjukuu akachagua hadubini badala ya duka, na ukoo haukumsamehe haraka. Hadubini yake ilikaa dirishani kwa sababu umeme wa siku zile haukuwa wa kutegemewa. Alikuwa na kioo kidogo chini yake alichokielekeza kwenye mwanga wa nje, kama mtu anayemmulika rafiki ng'ambo ya bonde. Aliniita nitazame. Nikaona chembe za damu, nyingi za mviringo, na katikati yake nyingine nyembamba, zimepinda kama mundu wa kukatia majani. Nilikuwa nimeziona vitabuni mara nyingi. Hizi zilikuwa zimetoka kwenye kidole cha mtoto aliyekuwa akilia nje ya mlango.

"Umeona nini, binti?"

Nikajibu kama mtihani: selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ugonjwa wa kurithi, jeni moja kutoka kwa kila mzazi.

"Vizuri," akasema. "Sasa toka nje ukamwambie mama yake."

Nilitoka. Nilimweleza yule mama habari za jeni na protini ya damu, kwa Kiswahili nilichokitafsiri kichwani huku nikitembea. Alinisikiliza kwa adabu sana. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: alikuwa amekula nini wakati wa ujauzito. Nikasema hakula chochote kibaya. Akauliza basi nani alimtazama vibaya. Nikasema hakuna. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka akiwa na sababu chache kuliko alizokuja nazo. Mzee Shabani alikuwa akisafisha vioo vyake. Hakunicheka. Alisema kazi yangu ndiyo ile pale, inateremka mlima.

Miaka michache baadaye nilipelekwa Ulaya kwa mafunzo mafupi. Mada ilikuwa jinsi ya kufundisha elimu ya jenetiki kwa wahudumu wa afya na kwa watu wa kawaida. Nilikwenda nikiamini nitawakuta wanaojua. Mji ulikuwa wa mvua nyepesi na treni zinazopita kimya katikati ya barabara, na kwa muda wote niliokaa kule nilijisikia kama ninatembea chini ya maji. Maabara zao zilinitoa machozi ya wivu. Lakini darasani mambo yalikuwa yaleyale. Madaktari wa familia walikiri kwamba jenetiki waliisoma zamani, kidogo, na sasa wagonjwa wanawaletea majibu ya vipimo vilivyonunuliwa mtandaoni kama vitabu, nao hawajui waanzie wapi. Wananchi wao nusu wanaamini jeni huamua kila kitu, nusu hawaamini chochote. Mkunga mmoja aliyekaa karibu yangu aliniambia kwamba ukimwambia mzazi hatari ni mmoja katika mia, hasikii mia. Anauliza kama yeye ndiye yule mmoja.

Nilirudi na begi la mabango: njegere za kijani na za njano, macho ya bluu na ya kahawia, nasaba ya ukoo wa kifalme. Nikayatundika kwenye kituo kimoja upande wa Kibondo, nikazungumza kwa moyo wote. Mwishoni mzee mmoja alinyoosha mkono, akauliza kama wale wenye macho ya bluu wameshapata matibabu. Mabango yale yaliishia kuzibia dirisha la stoo, ambako yalifanya kazi nzuri.

Kipindi hicho nilikuwa nikienda Mtendeli, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado inakaliwa na Warundi. Babu yangu naye alivuka mpaka, ila mapema, kwa hiyo mimi nilifika kambini na kitambulisho shingoni na wao walikuwa na kadi za mgao, na lugha yetu ya nyumbani ilikuwa karibu moja. Msichana mmoja aliniuliza kama ugonjwa wa mdogo wake ni wa Burundi au wa Tanzania. Nikasema damu haina uraia. Akasema basi ina bahati. Kambi ilifungwa, watu wakahamishwa au wakarudi kwao. Nimewahi kupita pale baadaye: majani yamepanda hadi kiunoni, na njia zinaonekana bado, zimenyooka, zikielekea kwenye milango isiyokuwepo. Nilisimama nikajiuliza ni wangapi kati ya wale niliowafundisha wanabeba somo langu mahali fulani sasa hivi, na wamelielewaje. Hilo ni jambo la kutisha kuhusu elimu. Ukishaitoa, haikuulizi tena.

Ndipo tulipobuni maharage. Mzee Shabani na mimi, kwenye benchi nje ya maabara, tukitafuta kitu ambacho kipo katika kila nyumba kuanzia Buhigwe hadi Kitanga na kupita. Chukua baba na mama ambao wote wanabeba jeni moja ya selimundu bila kuumwa. Katika kila mimba kuna njia nne, na moja kati ya hizo nne ni ya mtoto mgonjwa. Kwa hiyo weka punje nne kwenye chungu, tatu nyeupe na moja nyekundu. Fumba macho, chomoa moja. Huyo ndiye mtoto. Irudishe, tikisa, chomoa tena: mtoto mwingine. Watu wataona kwa mikono yao kwamba nyekundu inaweza kutoka leo, na kesho ikatoka tena. Tulifurahi sana. Tukawafundisha manesi wa zahanati nyingi, nao wakawafundisha kina mama siku za kliniki, na kwa muda nilidhani nimeshinda kitu.

Sasa niwaeleze habari ya Skola. Skolastika alikuwa nesi wa zahanati moja ya milimani, sitaitaja, kule ambako pikipiki huzimwa ikasukumwa. Alikuwa mwalimu bora kuliko wote tuliowafundisha, na mimi ni mgumu wa kusifu. Siku moja ya kliniki nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wanaosubiri chanjo, nikamwangalia. Alitandika kanga chini. Akaweka chungu. Alizungumza Kiswahili, akiteleza kwenye Kiha kila palipohitaji uchungu au kicheko, na wanawake walikuwa wameinama kuelekea kwake kama majani yanayofuata jua. Akamwita mmoja achomoe. Nyeupe. Skola akaiweka kwenye kanga, kwa upole, kama anamlaza mtoto. Wa pili akachomoa. Nyekundu. Wakaguna. Nayo akailaza pale. Wa tatu nyeupe, wa nne nyeupe. Chungu kikawa kitupu, na juu ya kanga wamelala watoto wanne, mmoja mwekundu.

Hakurudisha hata punje moja.

Mbele yangu alikaa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, na mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu amelala mapajani mwake, macho yake yana manjano. Alimgeukia jirani yake akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, kwamba yeye nyekundu yake ameshaimaliza.

Ule mchana wote ulikuwa na mwanga mtulivu, moshi wa tanuri za matofali umesimama bondeni bila kusogea, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya utulivu huo nikisikia baridi. Wanawake walipoondoka nilimsaidia Skola kukunja kanga, nikamuuliza kwa nini harudishi punje.

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini hatembei kwa mikono. Akasema kwao mbegu iliyotoka chunguni wakati wa kupanda hairudi, mama yake angempiga. Ikirudi inachanganya iliyo tayari kwenda shambani na iliyobaki, na mwaka huo huvuni. Nilianza kueleza habari ya somo. Akanikatiza.

"Mwalimu, mtoto aliyezaliwa harudi tumboni. Kwa nini punje irudi?"

 Kwa mtu yeyote aliyekulia kwenye milima hii, njia yake ilikuwa ndiyo yenye akili na yetu ndiyo ya ajabu. Ila mimba haichomoi kwenye punje zilizobaki. Kila mimba huanza na chungu kizima. Nilimwambia hivyo, polepole, na nikaona maneno yanamfikia. Aliketi juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Jina la kwanza alilotamka lilikuwa la yule mwanamke wa mbele yangu. Adela, akasema. Mama Dismas.

Adela na mumewe Yeremia walikuwa wamejua ugonjwa wa Dismas mwaka uliotangulia, na waliapa kutozaa tena. Familia ya mume ilianza kusema kwamba mwanamke arudishwe kwao, aletwe mwingine. Kisha Adela akahudhuria somo la Skola. Akatoka na habari njema: nyekundu imeshatoka, zilizobaki ni nyeupe. Yeremia naye alikuja kuliona somo kwa macho yake, akachomoa kwa mkono wake. Wazee wakaridhika. Mimba ikaingia. Na kwa kuwa mtoto huyu hakuwa na hatari, walikuwa wamepanga kwamba kabla ya kujifungua wahamie kwenye shamba lao la mbali, ambako hakuna zahanati, na mtoto asipimwe, kwa maana apimwe nini?

Nilirudi Kasulu na kumuuliza Mzee Shabani, ambaye wakati huo alikuwa anahesabu miezi ya kustaafu kwake kwa kweli. Kuna faida gani, nikasema, kumwambia mwanamke mwenye mimba kubwa jambo asiloweza kulibadilisha? Tunamnyang'anya miezi ya amani ili sisi tuwe sahihi. Akasema mvua pia huibadilishi, ila ukijua inakuja unaanua mihogo. Nikamwambia huyu si mihogo. Akasema anajua, ndiyo maana nilipaswa kuwa nimeshaondoka kwenda kumwambia. Mtoto wa selimundu akijulikana mapema, akaanzishiwa dawa za kumkinga, wengi wao wanaishi. Asiyejulikana hufa kwa homa moja tu, na watu wakasema ni malaria.

Nilikusudia kuzungumza mimi. Skola alikataa. Alisema yeye ndiye aliyewapa, yeye ndiye atakayewaambia, hata kama baada ya hapo hakuna mama atakayemsikiliza tena kwenye mlima ule. Tulikwenda kwa miguu kupitia migomba, mvua nyembamba ikinyesha upande mmoja wa njia na jua likiwaka upande wa pili. Tuliwakuta wote wawili nyumbani. Yeremia alituletea viti, akabaki amesimama. Dismas alikuwa ameketi kizingitini akiviringisha gurudumu la waya.

Skola alisema yote bila kuzunguka. Alisema somo alilotoa lilikuwa na kosa. Alisema mtoto huyu ana hatari ileile aliyokuwa nayo Dismas, si zaidi wala pungufu, na kwamba akizaliwa lazima atolewe matone ya damu kisiginoni mapema, na wasihamie shamba la mbali kabla ya majibu.

Adela aliweka mkono tumboni, akauacha hapo. Yeremia ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mlitupa usingizi, nesi. Sasa mmekuja kuudai."

Skola akasema ndiyo, Baba Dismas, ndivyo ilivyo. Mvua ilizidi kidogo juu ya bati. Kisha Adela akauliza, akinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa ndiye mwenye miwani:

"Mngelifundisha sawasawa tangu mwanzo, huyu angekuwepo?"

Nimesoma chuo kikuu, nimevuka bahari kusomea namna ya kujibu maswali ya watu kuhusu kurithi. Nikasema pengine asingekuwepo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa alichokijua, akainuka kwenda kutazama sufuria jikoni. Yeremia alitusindikiza hadi njiani. Alisema hawatahama. Kuhusu wazee, alisema wakirudia habari ya kumrudisha mtu, watamrudisha na yeye, maana anaambiwa nusu ya jambo hili ni yake.

Lile somo tulilibadilisha, na hapa nataka mzingatie, kwa kuwa mtalifundisha. Tumieni vyungu viwili, cha baba na cha mama, kila kimoja na punje mbili, nyeupe na nyekundu. Wachomoe moja kila upande. Mtoto ni punje hizo mbili pamoja, na anaumwa zikiwa nyekundu zote. Halafu msirudishe. Zilizobaki mwageni zote mbele yao, jazeni vyungu upya kwa punje mpya, semeni: mimba nyingine, vyungu vingine. Hakuna mama yeyote atakayewapiga. Na mwishoni msiulize kama wameelewa, watu wa huku ni waungwana, watasema ndiyo. Waulizeni watakwenda kusema nini nyumbani.

Kina mama hawakumwacha Skola. Kliniki iliyofuata aliwasimulia kosa lake kabla hata ya kutandika kanga, wakamtania kwamba nesi wao naye huchomoa nyekundu. Wakaja tena.

Mtoto wa Adela alizaliwa zahanati, wa kike, wakati wa kuvuna maharage. Matone yalichukuliwa kisiginoni, yakadondoshwa kwenye kadi, na Skola akazitundika kadi kwenye kamba ndani ya chumba cha chanjo zikauke. Nilikuwepo. Jua la alasiri lilipita kwenye pazia likazifikia, madoa mekundu yaliyopangwa, yanayogeuka kahawia polepole, na nilikaa chini yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nikifikiri kwamba ndani ya doa moja kuna mabibi na mababu waliotembea kuvuka milima ile bila kujua wanambeba nani, kwenda upande huu na upande ule wa mpaka, wakilima, wakikimbia, wakioana, mpaka wakakutana kwenye kisigino kidogo hivi. 

Kadi zilisafiri mbali, kwenye maabara kubwa, na majibu yalichukua wiki kadhaa. Yalipofika niliyapeleka mwenyewe. Mtoto alikuwa na selimundu.

Safari hii Adela alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, anamnyonyesha, na Yeremia amechutama karibu yake, kama anayetaka kuwa upande mmoja nao habari itakapoanguka. Nikasema. Yeremia alifunika uso kwa kiganja. Adela alimhamisha mtoto kutoka ziwa moja kwenda la pili, bila haraka, akamfuta mdomo. Walikuwa wamempa jina la kinyumbani, Niyonzima, Mungu ndiye mzima. Walimpa siku ile ile alipozaliwa. Hawakusubiri kadi.

Skola alipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. Machozi yalikuwa yameshamtoka. Akaanza kusema kwamba anaomba radhi, kwamba kama asingekosea siku ile, kwamba yote haya yasingekuwa.

Adela akaweka kiganja juu ya sikio la mtoto.

"Nesi, usiombe radhi mbele yake," akasema. "Anasikia."

 Skola akakaa vizuri, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akatoa kopo la dawa mfukoni, na akaanza kumwonyesha namna ya kuponda kidonge na kukiyeyusha kwa maziwa kidogo kwenye kijiko, asubuhi na jioni.